Kompyuta Iliyoanikwa Juani Chanika

Siku mliponiaga pale karakana Chang'ombe mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za khanga na keki yenye picha ya kompyuta. Keki ilikuwa tamu, nashukuru. Kisha mkaniomba niandike kumbukumbu za kazi ili wanaoanza wapate cha kusoma, na mmoja wenu akanikumbusha nisisahau kutaja vyeo. Vyeo mtavikuta kwenye faili langu, ni vichache na havichoshi kusoma. Mie nitaandika habari za monita zisizowaka, maana ndizo zilizonimaliza macho miaka yote hii, na humo ndani kuna kisa kimoja ambacho sijawahi kukisimulia chote.

Nilianza kazi enzi za monita za chogo, zile nzito ambazo ukipandisha moja ghorofa ya pili unafika umesahau ulichofuata. Karakana yetu ilihudumia ofisi na shule za Temeke na kandokando yake, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Wateja walikuwa wakifika wananiuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia ndiye mie, wanaitikia vizuri tu, halafu wanakaa kwenye benchi kumngoja fundi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambilikile, mtu wa Mbeya, mrefu, mpole, aliyevaa sweta katika joto la Dar lote hilo na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Siku yangu ya kwanza aliniwekea monita mezani, akasema haionyeshi kitu, akaenda zake kunywa uji. Nikataka aone kwamba chuoni sikwenda kutembea. Nikafungua skrubu zote, nikavua kifuniko, nikapima waya mmoja mmoja, nikanusa kama kuna kilichoungua. Saa mbili nzima. Mzee akarudi, akanitazama, akasema nirudishie kifuniko na skrubu zote kwanza. Nikarudishia. Ndipo akanyoosha kidole chini ya kioo akazungusha kile kidude cha kuongeza mwanga, na picha ikatokea. Mtu wa usafi alikuwa amekizungusha mpaka mwisho wakati anapangusa vumbi. Sikulia, lakini nilikwenda msalani nikakaa huko muda kidogo.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Ukikuta mashine inaunguruma lakini kioo ni cheusi, kwanza weka mikono mapajani. Tazama taa ya monita. Kama imezima kabisa, tafuta umeme. Kama ni ya njano, monita yenyewe nzima ila haipati kitu kutoka kwenye mashine. Kama ni ya kijani na kioo bado cheusi, mulika na tochi kwa pembeni, huenda picha ipo ila taa ya nyuma imekufa. Hili tuliliongeza wenyewe zilipokuja monita bapa. Sikiliza mlio mashine inapoamka. Bonyeza Caps Lock uone kama kitaa cha kibodi kinaitika. Kisha nenda kwenye waya, uchomoe, tazama vijino vyake kama kuna kilichopinda, urudishe. Chomoa RAM, isugue na kifutio cha penseli, irudishe. Haya bado mnayafanya, nawaonaga, ila mnatumia kile kifutio chekundu kigumu kinachokwangua. Tumieni cheupe, jamani.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na kadi. Kila kazi ilikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na juu kabisa, kabla ya vipimo na matengenezo, kulikuwa na mstari ulioandikwa Maneno ya Mwenyewe. Hapo uliandika alichosema mtu anayekaa na ile mashine, kwa maneno yake, bila kuyanyoosha. Akisema imepiga chafya ikalala, unaandika imepiga chafya ikalala. Karani mmoja wa Temeke aliwahi kutuambia kioo chake hakiwaki asubuhi mpaka mama wa chai achomeke birika la umeme. Sie tukacheka. Mzee hakucheka, aliandika, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ile ekstensheni iliyokuwa inalisha birika na monita. Ilikuwa imelegea, na mama wa chai akisukuma plagi ya birika kwa nguvu, plagi ya monita nayo inagusa. Kazi ya dakika tano.

Mzee alikuwa mkali kwa jambo hilo la kadi tu. Mafundi wenzangu waliliona ni mambo ya kizee, wakawa wanaujaza mstari ule wenyewe, garini, wakati wa kurudi. Na mie nilipoanza kujiona fundi nikawa najaza hivyo hivyo. Watu wetu mnawajua. Ukimwambia mtu, "Hapa umeme ulikatika ghafla, siyo?", atakuitikia ndiyo fundi, hata kama umeme haujakatika mwezi mzima, kwa sababu kumbishia fundi anaona si adabu. Unarudi karakana na jibu ulilokwenda nalo, na unajiona hodari. Siku hizi mnajaza kwenye simu, mnachagua Hakuna Picha, Hakuna Umeme au Nyingineyo, kwa hiyo hata hilo jibu la adabu hamlipati.

Nilikuwa na miaka kama minane kazini tulipoitwa na shule moja ya sekondari huko Chanika. Wakati ule Chanika ilikuwa mihogo na mikorosho zaidi ya nyumba. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, ya msaada, iliyokwisha kutumika kwingine, ikikaa ofisi ya taaluma. Nilipofika sikuikuta ofisini. Niliikuta uani, juu ya mkeka, imevuliwa kifuniko, imeanikwa juani pembeni ya makopa ya mihogo ya mtu. Waya zote walikuwa wamezichomoa na kuzikunja vizuri. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Mkuu wa shule hakuwa anacheka. Alinieleza kwamba siku chache nyuma walipata mgeni rasmi, na katika kujiandaa, mhudumu wao wa usafi, Bi Mwajuma, alideki ofisi kwa maji mengi, maji yakaingia kwenye kompyuta. Mgeni alipokwisha kuondoka mwalimu wa taaluma akaiwasha, ikaunguruma, kioo kikabaki cheusi. Mkuu alikwisha kulitangaza jambo hilo mstarini asubuhi, mbele ya wanafunzi wote, kwamba mali ya shule imeharibiwa kwa uzembe, na jina la yule mama akalitaja. Sasa alichotaka kwangu ni ripoti yenye muhuri ili amwondoe. Bi Mwajuma hakuwa na ajira ya serikali, shule ndiyo iliyomlipa, na alikuwa ameifanyia usafi shule ile tangu ikiwa na madarasa mawili.

Kwa hiyo nilijua, kabla sijagusa bisibisi, kwamba nitakachoandika kitamtoa mtu kazini. Nasema hivyo ili msije mkanitetea.

Umeme haukuwepo siku hiyo, ilikuwa zamu yao ya mgao, hivyo kuijaribu palepale haikuwezekana. Nikachungulia ndani. Chini ya boksi kulikuwa na alama ya maji, na skrubu mbili zilikuwa na kutu. Nikajisemea, haya, kumbe kweli. Nikaingia ofisini kuandika. Mama mtu mzima aliyejitanda khanga akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha. Shule nzima ilikuwa na mhudumu mmoja, kwa hiyo nilijua ndiye yeye. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza sukari, nikamwambia vijiko viwili. Ilikuwa chai ya tangawizi, nzuri hasa, nikaisifu. Akabaki amesimama mlangoni na sinia lake kwa muda, kisha akaondoka. Kadi ilikuwa mezani mbele yangu, na kwenye mstari wa Maneno ya Mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuandika: maji yalimwagika wakati wa kudeki.

Tukaipakia mashine mpaka Chang'ombe. Nikaipiga blowa ya upepo nusu saa, nikaiunganisha na monita yetu na waya wetu, nikawasha. Picha hiyo, safi kabisa. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikaandika kwamba mashine ilikutwa na unyevu, imekaushwa, sasa inafanya kazi. Nikapiga muhuri. Baada ya siku chache nikasikia Bi Mwajuma ameambiwa asirudi, na nilisikitika kidogo, kama unavyosikitika habari ya redioni, nikaendelea na kazi nyingine.

Wiki mbili hazikuisha, simu. Ile mashine walikuwa wameichukua na kuiweka stoo wakati ofisi ikipakwa rangi. Sasa wameirudisha mezani na kioo ni cheusi tena. Mkuu akaniapia kwamba safari hii hakuna tone la maji lililoingia, ofisi inafagiliwa kwa ufagio mkavu.

Nilipofika, umeme ulikuwepo. Mwalimu wa taaluma, Mwalimu Gervas, kijana mstaarabu wa Kagera, aliiwasha mbele yangu. Feni ikazunguka, taa ya monita ikawa ya njano. Nikaweka mikono mapajani kama nilivyofundishwa, kisha nikapiga magoti nyuma ya meza. Mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya monita, yamefanana kabisa. La juu lilikuwa la mashine yenyewe tangu kiwandani. La chini lilikuwa la kadi ya picha iliyoongezwa baadaye, na kadi ile ikishakuwemo, tundu la juu linakuwa pambo tu, halitoi kitu. Waya wao ulikuwa tundu la juu, umekazwa na skrubu zake zote mbili kwa uangalifu mkubwa. Nikauhamishia chini. Picha ikaja.

Nikamwuliza Mwalimu Gervas nani aliyeuchomeka pale.

"Mimi," alisema. "Nimechomeka palepale nilipochomeka siku ile tulipohamisha meza."

"Meza mliihamisha lini?"

"Kabla ya mgeni. Tulitaka asaini kitabu karibu na dirisha, picha zitoke vizuri."

Nilibaki nimepiga magoti. Kumbe kule karakana mkono wangu ulikwenda tundu la chini wenyewe, kwa mazoea, bila hata kufikiri. Blowa haikukausha chochote. Ile alama ya maji ilikuwa ya zamani, pengine ya kabla mashine haijaletwa nchini. Niliona aibu ya kutaka kubaki palepale chini ya meza. Nikauliza Bi Mwajuma yuko wapi, wakaniambia amehama, amekwenda kuishi kwa kaka yake Kimbiji.

Mkuu wa shule alipoelewa nilichokiona alinivuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa bodi yake.

"Fundi, mashine si inawaka?" alisema. "Basi. Ripoti iko kwenye faili, ina muhuri wako. Ukiifukua hiyo, unajifukua mwenyewe."

Alisema kweli. Nilimwambia nitafikiria, na nilifikiria siku tatu. Sitajitia ushujaa hapa: nilifikiria kunyamaza. Niliwaza wale wateja wa kwenye benchi, wanaomngoja fundi wa kweli, na jinsi watakavyosema si tuliwaambia. Niliwaza kwamba Bi Mwajuma amekwisha kuondoka na pengine ameshapata shughuli nyingine. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu, na mie nilikuwa nazo za kutosha.

Siku ya nne nikamweleza Mzee Ambilikile. Alikuwa anamenya karanga. Hakunigombeza. Akaomba kadi, akasoma mstari wa juu, akauliza maneno haya ni ya nani. Nikasema ya mkuu wa shule. Akauliza kama mkuu alikuwepo wakati wa kudeki. Nikasema hapana. Kama mkuu ndiye anayekaa na ile mashine. Hapana. Akanirudishia kadi yangu, akafungua droo, akatoa kadi mpya tupu, akaiweka juu ya ile ya zamani na kuendelea kumenya karanga zake.

Kwenda Kimbiji wakati ule ilikuwa ni kuvuka pantoni, kupanda gari mpaka linapochoka, kisha kutembea kwenye mchanga viatu mkononi. Nilimkuta Bi Mwajuma nyuma ya nyumba ya kaka yake anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote mwanzo mpaka mwisho, matundu mawili, waya, blowa, muhuri wangu, na sikumtupia mtu mwingine lawama. Alisikiliza huku akiendelea na mahindi yake, na hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilisema," aliniambia. "Nilimwambia mkuu sikumwaga maji, mwalimu ndiye aliyechomoa waya. Akaniambia nyamaza, fundi anakuja, fundi ndiye atakayejua. Basi nikakungoja wewe. Ukaja. Ukaniamkia vizuri, ukanywa chai yangu, ukaisifu. Nikasimama pale mlangoni nikijua utaniuliza. Hukuniuliza."

Hapo nililia. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya mama wa watu kama mtoto aliyepotea sokoni, na yeye hakuniambia nyamaza. Alingoja nikamaliza, akanipa maji. Nikatoa kadi mpya na kalamu, nikamwambia sasa naomba aseme, nitaandika kila neno. Akatikisa kichwa.

"Weka kalamu yako, mwanangu. Hapa Kimbiji hakuna aliyesikia nikitajwa. Nilitajwa kule, mstarini, mbele ya watoto ninaowafagilia madarasa. Binti wa jirani yangu anasoma pale, alirudi nyumbani akanitazama kama mwizi. Mniite kule. Nitasema kule."

Nikaandika ripoti ya pili. Nilieleza kwamba ya kwanza ilikuwa na makosa, kwamba makosa ni yangu, na kwamba mhudumu hakuhusika. Mstari wa juu wa kadi niliuacha mtupu. Nakala moja kwa mkuu wa shule, moja kwa bodi yake, moja kwa bosi wangu. Kwa hiyo nakala ya mwisho nilipewa barua ya onyo, nayo mtaikuta kwenye faili, inakaa jirani na vile vyeo. Wale wa kwenye benchi walisema waliyoyasema. Mkuu wa shule hakupokea simu yangu muhula mzima, lakini bodi ilimwita kujieleza, na baada ya kujieleza akatuma mtu Kimbiji.

Jumatatu moja asubuhi nikaitwa Chanika. Wanafunzi wamejipanga, walimu wako mbele, na Bi Mwajuma amesimama pembeni na gauni jipya. Mkuu akasema kwamba imebainika kompyuta haikuharibiwa na maji na mama huyu hana kosa, akayasema haraka haraka kama anayemeza kwinini, akageuka kutaka kuendelea na mambo ya ada.

"Mkuu," alisema Bi Mwajuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "wa nyuma hawajasikia."

Mkuu akarudia. Safari hii wa nyuma walisikia, na kuna walioanza kupiga makofi mpaka mwalimu wa zamu akawatuliza. Bi Mwajuma alirudishiwa kazi yake siku hiyo hiyo, na aliifanya mpaka alipochoka mwenyewe akaiacha.

Baada ya mstari tukaenda ofisi ya taaluma, mkuu, Mwalimu Gervas na mie. Kompyuta ilikuwa inawaka vizuri, sikuwa na cha kutengeneza. Bi Mwajuma akaingia na sinia. Chai ya tangawizi, vijiko viwili, hakuuliza. Akaiweka mbele yangu, akavuta kiti, kiti alichokipangusa vumbi miaka yote ile bila kukikalia, akakaa.

"Haya fundi," alisema. "Niulize."

Nikatoa ile kadi, mstari wa juu bado mweupe, nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza tangu siku ya kwanza: mara ya mwisho iliwaka lini, na baada ya hapo kilifanyika nini. Akajibu taratibu, akiningoja nimalize kila neno, na mkuu akiwa amesimama anasikiliza. Kadi hiyo ninayo nyumbani. Nayanakili hapa kama alivyoyasema, sikuyanyoosha:

"Siku moja kabla ya mgeni iliwaka vizuri. Mwalimu akachomoa waya, tukahamisha meza, mimi nimeshika upande huu, yeye upande ule. Akachomeka juu. Nikamwambia ulikuwa chini, akasema yote sawa. Maji sikumwaga, ndoo ilikuwa nje. Kunywa chai, fundi, inapoa."